Kidonda Kibichi

Mgonjwa akirudi nyumbani kutoka hospitali, jirani humwuliza: "Vipi, kidonda kimekauka?" Kwetu kidonda kikikauka kimepona, na kikiwa kibichi bado kina kazi. Mtoto akichubuka goti huambiwa aliache wazi lipigwe na upepo. Wapo wanaofungua kapsuli na kunyunyiza unga wake juu ya jeraha, wapo wanaomwaga spiriti huku mtoto akipiga mayowe, wapo wanaoketi wameunyosha mguu juani. Wote wanataka pakauke, paote gaga, gaga lidondoke, libaki kovu.

Fikra hii si yetu peke yetu. Madaktari wa Ulaya waliishika vilevile, wakaifundisha vyuoni, na wauguzi wakaitekeleza wodini kwa mikono yao hadi katikati ya karne ya 20. Jinsi ilivyokuja kupingwa ni habari ndefu, nayo inaanzia Misri.

Mwaka 1862 Mmarekani aitwaye Edwin Smith alinunua mjini Luxor gombo la mafunjo lenye urefu unaokaribia meta 5. Lilikuwa limenakiliwa yapata mwaka 1600 KK kutoka maandishi ya zamani zaidi. James Henry Breasted alipochapisha tafsiri yake mwaka 1930, wasomaji walikuta wagonjwa 48 wamepangwa kuanzia kichwani kushuka chini, kila mmoja na jeraha lake, namna ya kulichunguza, na neno la mganga kama ataweza kulitibu au la. Maagizo ya kufunga yanajirudia: siku ya kwanza weka nyama mbichi, baada ya hapo mafuta, asali na nyuzi za kitani, kila siku, mpaka apone.

Mafuta yalizuia kitambaa kisigande kwenye nyama. Nyuzi zilinyonya majimaji. Asali ina sukari nyingi na maji machache, hivyo huwanyang'anya vijidudu maji wanayoyahitaji. Tena ni chachu kiasi, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Waganga wale hawakujua kijidudu ni nini. Lakini jeraha lililofungwa hivyo lilibaki na unyevu, halikugandana na kitambaa, na vijidudu havikustawi ndani yake. Muuguzi wa leo akipewa masharti hayo matatu atayakubali bila kubishana. Ndiyo maana sipendi kusikia dawa za kale zikitupwa zote katika kapu moja la ujinga.

Karne nyingi baadaye mambo yaliharibika. Waganga wa Ulaya ya zama za kati waliamini kwamba usaha mzito, mweupe, ni dalili njema, na kwamba jeraha lisilotoa usaha lisaidiwe litoe. Wakashindilia ndani yake vitambaa na malhamu za kulichokoza. Mtawa na mpasuaji Theodoric Borgognoni alikataa. Katika karne ya 13 aliandika kwamba usaha hauhitajiki kabisa: osha jeraha kwa mvinyo, ondoa kila kitu kigeni, kutanisha kingo zake, funga, uache. Wengi hawakumsikiliza.

Aliyefuata kuyumbisha mafundisho ya wakubwa hakukusudia. Ambroise Paré alikuwa kijana aliyejifunza kazi kwa vinyozi, maana enzi hizo mwenye wembe ndiye aliyekata nywele na ndiye aliyekata miguu. Kilatini hakukijua. Katika vita vya Wafaransa huko Turin, mwaka 1536 kuingia 1537, alikuwa akiwatibu askari waliopigwa risasi. Bunduki ilikuwa silaha ngeni, na vitabu vilisema baruti huacha sumu mwilini, kwa hiyo jeraha limwagiwe mafuta yanayochemka. Paré alitii mpaka siku moja mafuta yakamwishia na majeruhi bado wamejaa. Akachanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka waliobaki.

Usiku ule hakupata usingizi. Alihofia atawakuta wamekufa kwa sumu. Alfajiri akaamka kabla ya wenzake, akaenda kuwatazama. Waliopakwa mchanganyiko baridi walikuwa wamelala vizuri, maumivu kidogo, uvimbe hakuna. Waliomwagiwa mafuta ya moto walikuwa na homa, majeraha yamevimba, wanagugumia. Paré akaapa kutowachoma tena watu wenye majeraha ya risasi, na mwaka 1545 akayachapisha aliyoyaona, kwa Kifaransa, lugha ambayo vinyozi wenzake waliweza kuisoma. Wauguzi wapya wangefaa kuambiwa habari hii siku yao ya kwanza wodini, kwa sababu Paré hakuwa na nadharia yoyote mpya asubuhi ile. Alifunua, akatazama, akalinganisha wagonjwa wa kushoto na wa kulia.

Kwa miaka mia tatu iliyofuata vifaa havikubadilika sana. Kitu kikuu kilikuwa nyuzi zilizokwanguliwa kutoka nguo kuukuu za kitani. Vita vikizuka wanawake walikaa vikundi vikundi majumbani wakikwangua mashuka ya zamani kwa visu, wakajaza mifuko na kuituma kwa majeruhi. Moyo wao ulikuwa safi, lakini mashuka hayakuwa safi. Hospitalini sifongo moja ilichovywa katika beseni moja na kupitishwa jeraha hadi jeraha, kitanda hadi kitanda. Florence Nightingale alipofika Scutari, Uturuki, Novemba 1854, akiwa na wanawake 38 wa kuuguza askari wa Uingereza, vita vyake vya kwanza vilikuwa juu ya sabuni, mashuka na taulo. Katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 aliwataka wauguzi wanawe mikono mara nyingi kwa siku. Wakati huo hakuwa akiamini habari za vijidudu. Alichukia uchafu na hewa iliyooza, na chuki hiyo ilitosha kumfikisha mahali sahihi.

Vijidudu vyenyewe vilimfikia Joseph Lister kupitia maandishi ya Louis Pasteur. Lister alikuwa mpasuaji Glasgow, katika wodi ambazo mtu aliyevunjika mfupa ukatokeza nje alikatwa mguu au alizikwa. Alikuwa amesikia kwamba mji wa Carlisle ulimwaga asidi ya kaboliki katika maji taka na uvundo ukaisha. Tarehe 12 Agosti 1865 akaletewa James Greenlees, mtoto wa miaka 11. Gurudumu la mkokoteni lilikuwa limempita mguuni, muundi umevunjika, na ngozi juu yake imechanika. Lister aliufunga kwa kitambaa kilicholowa asidi ile, akakifunika kwa bati jembamba ili isikauke, kisha akauacha mguu siku 4. Alipofungua alinusa kwanza. Hakukuwa na harufu ya kuoza. Baada ya wiki 6 mfupa uliunga, na mtoto akaondoka na miguu yake miwili.

Lister alichapisha habari zake mwaka 1867. Hesabu aliyoitoa baadaye ilionyesha kwamba kabla ya asidi, kati ya wagonjwa wake 35 waliokatwa viungo walikufa 16. Baada yake, kati ya 40 walikufa 6. Hata hivyo asidi iliunguza. Iliunguza kingo za jeraha la mtoto yule, ikaunguza mikono ya wapasuaji na wauguzi, na ikaacha katika taaluma wazo ambalo hadi leo halijang'oka: kwamba dawa inayowasha ndiyo inayofanya kazi.

Viwanda navyo vikaamka. Pamba ghafi ina mafuta ya asili, huelea majini bila kulowa. Sampson Gamgee, mpasuaji wa Birmingham, mwaka 1880 alieleza jinsi pamba iliyoondolewa mafuta inavyonyonya, akaifunga katikati ya tabaka mbili za gozi, na mto ule bado unaitwa kwa jina lake. Marekani, Robert Wood Johnson alimsikia Lister akihutubia Philadelphia mwaka 1876; miaka kumi baadaye kampuni ya Johnson & Johnson ilikuwa imezaliwa, ikiuza gozi na pamba. Mwaka 1920 mfanyakazi wake, Earle Dickson, alibandika vipande vya gozi juu ya ukanda wa plasta kwa ajili ya mkewe aliyekuwa akijikata jikoni mara kwa mara. Plasta ndogo unayoinunua leo kwa Mpemba ilitokana na mkasa huo wa nyumbani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta majeraha ya aina nyingine: vyuma vya mizinga vikiwa vimeingiza mwilini matope ya mashamba yaliyowekwa samadi. Alexis Carrel na Henry Dakin, huko Compiègne, walitumia dawa ya klorini iliyozimuliwa hadi kiasi cha asilimia 0.5, ikipitishwa kwa mirija ya mpira hadi ndani ya jeraha. Kila baada ya saa 2, mchana na usiku, mtu alipaswa kuiachilia. Mtu huyo alikuwa muuguzi. Jina lake halimo katika jina la dawa. Huko Boulogne, Alexander Fleming, miaka mingi kabla ya penisilini, alikuwa akionyesha kwamba dawa kali katika majeraha marefu ziliua chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, huku vijidudu vyenyewe vikijificha kwenye vijipembe ambako dawa haikufika. Na Auguste Lumière, yuleyule wa sinema, alitengeneza huko Lyon kitambaa cha wavu kilichopakwa parafini kisigande kwenye nyama. Mafuta ya Wamisri yalikuwa yamerudi.

Afrika Mashariki kazi ya kufunga vidonda ilikuja kuwa cheo. Albert Cook alifika Mengo, Uganda, mwaka 1897, pamoja na muuguzi Katharine Timpson aliyekuja katika msafara uleule, ambaye baadaye alimwoa. Mwaka huohuo Cook alieleza vidonda vya ngozi ambavyo wataalamu waliokuja baadaye waliviona kuwa ni ule ugonjwa ulioitwa kidonda cha Buruli, kwa jina la eneo la Uganda karibu na Ziwa Kyoga. Kinaanza kama kivimbe kisichouma, kisha ngozi inaliwa kwa chini, na mgonjwa huhitaji kufungwa kwa miezi. Tanganyika nayo, katika miaka ya 1920, ilianza kuwafunza vijana wakafanye kazi katika zahanati za serikali za wenyeji. Waliitwa madresa, jina lililotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mfunga vidonda. Buba, vidonda vya miguu, majeraha ya jembe na panga: hayo ndiyo yaliyowafikia kila asubuhi. Kwa watu wengi wa vijijini dresa ndiye aliyekuwa hospitali.

Katika miaka hiyo yote sheria ya dresa na ya profesa ilikuwa moja, kidonda kikauke. Gozi kavu, hewa, gaga.

George Winter, mtafiti nchini Uingereza, aliamua kuipima. Alichukua nguruwe wadogo, kwa sababu ngozi yao inakaribiana na ya binadamu, akawatoa ngozi ya juu katika vipande vya mraba visivyo na kina. Vingine akaviacha wazi viote gaga. Vingine akavifunika kwa karatasi angavu ya polithini isiyopitisha maji. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1962: chini ya plastiki, ngozi mpya ilitanda kwa kasi inayokaribia mara mbili ya ile ya vidonda vilivyokauka. Mwaka uliofuata, Hinman na Maibach waliona jambo lilelile kwa binadamu.

Sababu yake ni nyepesi ukishaielewa. Ngozi mpya haishuki kutoka juu wala haioti kama majani. Seli zake hutambaa kutoka kingoni na kutoka kwenye mashina ya nywele, zikielekea katikati. Mahali penye unyevu zinateleza juu ya nyama hadi zinakutana. Pakikauka, gaga na nyama iliyokauka chini yake ni ukuta, na seli hulazimika kuchimba njia kwa chini, zikiyeyusha nyuzi ngumu za kolajeni, mpaka zipite. Lile gaga tunalolifurahia ndilo linalozuia njia.

Wengi walishtuka: si ndiyo kuwatengenezea vijidudu bwawa? Hofu hiyo ilikuwa ya haki, na jibu lake lilichelewa. Mwaka 1990 Hutchinson na McGuckin walikusanya taarifa za tafiti zilizokuwapo wakakuta maambukizi ya asilimia 2.6 kwa vidonda vilivyofunikwa vikabaki na unyevu, na 7.1 kwa vile vilivyofungwa kwa gozi ya kawaida. Wakati huo viwanda vilikuwa vimekwisha tangulia. Katika miaka ya 1970 zilikuja karatasi angavu za kunata zinazopitisha mvuke lakini si maji. Baada yake vikaja vibandiko vinavyogeuka kuwa ute vinapokutana na majimaji, sponji laini zinazonyonya bila kugandana, jeli za kulowesha nyama ngumu iliyokufa, na nyuzi zinazotokana na mwani. Mwani huo ni wa rangi ya kahawia, wa bahari za baridi. Ule wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani, huko Zanzibar, ni wa jamii nyingine na hutoa kitu kingine.

Lakini gozi kavu haikuondoka. Bibi yangu alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu, kilichokaa naye zaidi ya mwaka. Nilimpeleka kufungwa, na mara ya kwanza niliona gozi ya juzi ikivutwa ikiwa imekauka. Ilitoka na nyama nyekundu, ile hasa iliyokuwa imeota kati ya Jumatatu na Jumatano. Bibi alinishika mkono bila kusema kitu. Wiki iliyofuata tulimkuta muuguzi mwingine, mama wa makamo. Alisema, "Shikamoo mama, leo hatuna haraka," akamimina maji ya chumvi juu ya gozi, akavuta kiti, akakaa. Zilipita kama dakika kumi. Gozi ikatoka yenyewe. Safari ile hapakuwa na damu.

Muuguzi yule hakuwa na kibandiko cha bei. Alikuwa na gozi, parafini, na maji ya chumvi, gramu 9 za chumvi katika lita 1 ya maji. Tafiti zimekwisha kuonyesha kwamba hata maji safi ya kunywa huosha kidonda bila kuongeza maambukizi. Akaweka wavu wa parafini chini, gozi yenye unyevu juu yake bila kuishindilia, kisha kavu ya kunyonya kwa nje, akamwambia bibi arudi kabla haijakauka. Ndivyo Wamisri walivyopanga, na ndivyo alivyofundisha Winter kwa nguruwe wake.

Kwa kuwa vifaa vya viwandani ni ghali, wengine wameyarudia ya jikoni, safari hii kwa vipimo. Banjul, nchini Gambia, hospitali iliwapaka watoto walioungua papai lililopondwa, kila siku, kwa sababu vimeng'enya vyake huyeyusha nyama iliyokufa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1999. Moses Murandu, muuguzi kutoka Zimbabwe, alikumbuka baba yake alivyotumia chumvi na sukari kwenye majeraha ya utotoni. Alipofika Uingereza mwaka 1997 kufanya kazi hospitalini alishangaa hakuna anayetumia sukari. Akasoma, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Wolverhampton, na mwaka 2011 yeye na wenzake wakachapisha jaribio la awali la wagonjwa 22 kwa sukari ya kawaida ya chengachenga. Sukari huvuta maji hadi vijidudu vikakosa ya kunywa, huku kitanda cha kidonda kikibaki na unyevu. Wala haikupandisha sukari ya damu kwa wenye kisukari waliokuwamo, maana sukari ya mezani humeng'enywa tumboni, si kidondani. Ninaiheshimu kazi hiyo kwa kuwa Murandu hakusema tu kwamba baba alijua, alipima. Na anayesoma haya asiende kujipaka sukari au papai la sokoni nyumbani bila mtu wa kumwangalia.

Kwa maana unyevu nao una mipaka yake. Kidole cha mgonjwa wa kisukari kilichokauka kuwa cheusi, ambacho damu haikifikii tena, huachwa kikavu na kulindwa. Ukikilowesha unakaribisha uozo upande juu. Kidonda chenye usaha na wekundu unaosambaa hakifungiwi chini ya plastiki. Chenye majimaji mengi kikiwekewa kifaa kisichonyonya, ngozi ya pembeni hulainika ikageuka nyeupe kama vidole vilivyokaa majini, kisha huchubuka, na kidonda huongezeka. Muuguzi hutazama rangi: nyeusi imekufa, ya manjano ni tope la nyama linalohitaji kuondolewa, nyekundu inaota, ya waridi kingoni ni ngozi mpya inayotambaa. Kisha hukisia majimaji ni mengi kiasi gani, na humwuliza mgonjwa panauma lini, akitembea au akilala.

Yule mama wa makamo aliyemfunga bibi yangu alianza mapema zaidi. Gozi ilipotoka hakuitupa. Aliigeuza chini ya taa, akatazama duara la unyevu limefika wapi, lina rangi gani, akainusa kama Lister alivyonusa Glasgow, akaandika mstari mmoja katika kadi. Ndipo akanawa mikono na kufungua kabati.